Maji ya kwenye mapafu na kipimo cha vinasaba: maswali tunayoulizwa Tabora

Ninafanya kazi maabara hapa Tabora. Chupa ya maji ya kifuani haikosi mezani kwangu, na kila chupa inakuja na ndugu waliosimama dirishani wakisubiri jibu. Maswali yaliyo hapa chini ni yao, nimeyaandika karibu kama wanavyoyauliza. Daktari anayemwona mgonjwa ndiye mwenye neno la mwisho kuhusu mgonjwa huyo. Mimi naeleza kinachotokea chupa ikishatoka wodini.

Maji yameingiaje kwenye mapafu? Alikunywa yakapita njia isiyo yake?

Hapana. Kwanza maji yenyewe hayako ndani ya pafu, ingawa wote tunasema "maji kwenye mapafu". Pafu limevikwa utando mwembamba, na ukuta wa kifua nao kwa ndani umevikwa utando wake. Kati ya tando hizo mbili kuna nafasi nyembamba mno. Kwa mtu mzima mwenye afya, nafasi hiyo ina maji yasiyofika hata vijiko vinne vya chai, kama mililita 10 hadi 20, na kazi yake ni kulainisha ili pafu liteleze mtu anapovuta pumzi. Mwili huyatengeneza na kuyanyonya usiku na mchana. Yakitengenezwa kwa wingi kuliko yanavyonyonywa, au njia za kuyanyonya zikiziba, yanajaa. Nimeona lita mbili zikitoka kwa mtu mmoja kwa awamu. Pafu hukosa nafasi ya kutanuka, ndiyo maana mgonjwa analala ameketi na kuhema kama aliyepanda mlima.

Kulala kwenye baridi, kuoga usiku, kunywa maji ya baridi: hakuna hata kimoja kinachohusika.

Basi ni saratani?

Si lazima. Moyo ukichoka kusukuma damu, maji hujaa. Ini likiharibika na figo zikishindwa, hujaa pia. Nimonia huleta maji, wakati mwingine usaha. Kifua kikuu huleta maji mengi sana, na kwa ukanda wetu huu ndicho kinachofikiriwa kwanza. Saratani nayo imo: ya mapafu, ya matiti, ya ovari, ya tezi za limfu, na kwa baadhi ya wanaoishi na VVU ile ya Kaposi. Ipo pia saratani inayoanzia kwenye utando wenyewe, mesothelioma, inayohusishwa na vumbi la asbestosi la miaka mingi nyuma.

Hatua ya kwanza maabara ni kuyagawa maji mafungu mawili. Yapo mepesi, yaliyochujika tu kutoka kwenye damu kwa sababu ya moyo, ini au figo. Yapo mazito yenye protini nyingi, yanayotokana na utando kuugua. Vigezo vya kugawa vilitolewa na daktari Mmarekani, Richard Light, mwaka 1972, na mpaka leo tunavitumia: protini ya kwenye maji ikizidi nusu ya ile ya kwenye damu, hayo ni mazito. Kipo na kimeng'enya kiitwacho LDH kinachopimwa pamoja nayo. Saratani na TB vyote viko fungu la mazito, na hapo ndipo kazi inapoanza.

Na rangi? Watu wakiona maji mekundu wanaangua kilio palepale. Maji yenye damu yanatia shaka ya saratani, ni kweli, lakini TB huweza kuyaleta, na jeraha pia. Na maji ya rangi ya chai ya rangi, safi kabisa kwa macho, yanaweza kuwa yamejaa seli za saratani.

Mbona baba alianzishiwa dawa za TB kabla ya majibu?

Swali hili huulizwa kwa hasira, na ninaielewa. Ngoja nianze kwa kumtetea daktari.

TB ya utando wa pafu haina vijidudu vingi. Maji yale hujaa zaidi kwa sababu mwili unapambana na vijidudu vichache vilivyopenya. Kwa hiyo ile mashine ya kupima TB, GeneXpert, ambayo kwa makohozi inafanya kazi nzuri na Shirika la Afya Duniani liliipitisha mwishoni mwa 2010, ukiipa maji ya kifuani inawakosa wengi wenye TB kweli, nusu yao au zaidi. Jibu likirudi "haijaonekana" daktari hawezi kusema mgonjwa hana TB. Kuna kipimo kingine kinaitwa ADA. Kikizidi yuniti 40 kwa lita, na seli nyeupe zilizomo zikiwa zaidi za aina ya limfu, TB inapata uzito. Lakini ADA haipatikani kila hospitali, na baadhi ya saratani, hasa za tezi za limfu, nazo huipandisha. Daktari aliyeko wilayani ana mgonjwa anayekonda, anayetoka jasho usiku, mwenye homa za jioni, na yuko mahali ambapo TB ni ya kila siku. Anaanza dawa. Mara nyingi anapatia.

Sasa upande wa pili. Namkumbuka mzee mmoja aliyeletwa akiwa amemaliza miezi miwili ya dawa za TB. Maji yalikuwa yametolewa mara tatu huko alikotoka, kila mara zaidi ya lita, na mara zote tatu yakamwagwa kwenye sinki. Hakuna hata tone lililokwenda kwa mtu wa patholojia, yule anayekagua seli kwa hadubini. Mara ya nne ndipo chupa ikafika, na jibu lilikuwa saratani ya pafu. Sisemi kwamba jibu la mapema lingempa miaka kumi. Lingempa miezi miwili ile aliyopoteza.

Kwa kawaida maji ya TB hupungua kadiri wiki za dawa zinavyokwenda. Maji yanayorudi upesi baada ya kutolewa, au yanayoongezeka mgonjwa akiwa anameza dawa bila kukosa, yanadai swali lirudiwe. Rudi umwambie daktari hivyo hivyo: "Yametolewa, yamerudi." Usimwachishe dawa za TB kwa uamuzi wako.

Maji yanatolewaje? Sindano inafika kwenye pafu?

Mgonjwa anakaa akiegemea meza au mto, anachomwa dawa ya ganzi mgongoni, kisha sindano inapita juu ya ubavu na kuingia kwenye yale maji. Pafu liko nyuma yake, limesukumwa na maji. Ultrasaundi ikitumika kuonyesha mahali, hatari ya kutoboa pafu inashuka sana, kwa hiyo ikiwepo uliza itumike. Kwa kawaida hawatoi zaidi ya lita moja na nusu kwa mara moja, maana pafu likitanuka ghafla linaweza kujaa maji ndani yake safari hii. Kukohoa kidogo wakati wa kutoa ni kawaida. Kifua kikibana au pumzi ikakatika, sema hapo hapo.

Hadubini haitoshi? Si wanaangalia seli wakaziona?

Inatosha pale inapoona. Mwanapatholojia huyazungusha maji kwenye mashine mpaka seli zinatuama chini, anazipaka kwenye kioo, anazitia rangi, anaangalia. Akikuta seli za saratani, jambo limekwisha kwa sehemu hiyo.

Shida ni kwamba katika kila wagonjwa 100 ambao maji yao yametokana na saratani kweli, kioo cha kwanza huwaonyesha kama 60 hivi. Sampuli ya pili huongeza wengine. Ya tatu huongeza wachache mno, ndiyo maana ukiona mgonjwa anatobolewa mara ya tano kwa lengo hilo hilo, uliza kwa nini. Kiwango hiki si sawa kwa saratani zote. Ile ya pafu ya aina ya adenokasinoma huangusha seli nyingi kwenye maji, nayo hukamatwa vizuri. Aina nyingine ya pafu, ya skwamasi, haiangushi sana, na mesothelioma mara nyingi hupita bila kuonekana.

Halafu kuna seli laghai. Utando ukichokozwa na ugonjwa wowote, seli zake za kawaida huvimba, viini vyake vikawa vikubwa, zikakaa makundi makundi. Ukiziangalia unasema hizi hapa! Kumbe ni seli za mwenye nyumba zilizokasirika. Mwanapatholojia mwangalifu huandika "seli zenye mashaka", na jibu hilo ndilo linalowaudhi ndugu kuliko yote. Wanauliza: amesoma miaka yote hiyo, anashindwaje kujua? Mimi namheshimu zaidi anayeandika mashaka kuliko anayebahatisha.

Kabla ya kwenda kwenye vinasaba, kuna hatua ya katikati: zile seli zilizotuama zinagandishwa kwenye nta ya parafini kama kitufe, kisha zinakatwa vipande vyembamba na kupakwa viashiria vya protini. Kiashiria cha TTF-1 huelekeza kwenye pafu, calretinin huelekeza kwenye utando wenyewe, na vipo vya titi na vya ovari. Hapo tunajua saratani ilitoka wapi. Kitufe hicho hicho ndicho baadaye hukatwa tena kwa kipimo cha vinasaba, kwa hiyo kikitumika chote kwa viashiria, cha vinasaba hakibaki kitu.

Hicho kipimo cha vinasaba ni ile DNA ya kumtafuta baba wa mtoto?

Nilijua litakuja. Kila nikitaja DNA kuna mtu anamtazama mwenzake pembeni.

Kipimo cha nasaba, kile kinachopitia Mkemia Mkuu wa Serikali na kina sheria yake ya mwaka 2009, hulinganisha vinasaba vya mtu na mtu. Hiki hakihusiki na baba yako ni nani. Hiki hutafuta makosa yaliyotokea ndani ya seli za uvimbe, makosa ambayo seli zako nyingine hazina. Seli ni kama daftari la maelekezo; katika saratani, mistari fulani imefutika, mingine imeandikwa mara mbili, mingine imebandikwa ukurasa usio wake. Kipimo kinasoma mistari hiyo.

Na si jambo geni kama unavyodhani. GeneXpert ni kipimo cha aina hiyo hiyo, ila yenyewe husoma vinasaba vya kijidudu cha TB. Na ile PCR ya Uviko iliyozungumzwa na kila mtu mwaka 2020 ni ukoo mmoja.

Sasa kinasaidiaje kwenye haya maji?

Kwa njia mbili, na watu huzichanganya.

Ya kwanza ni kusaidia kusema kama hii ni saratani au siyo, pale hadubini iliposema "mashaka" au haikuona kitu ingawa mgonjwa anaonekana kabisa kuwa nayo. Seli ya saratani ikifa hupasuka na kumwaga vipande vya vinasaba vyake. Vipande hivyo huelea kwenye maji. Ukizungusha chupa, seli zinashuka chini, na yale maji ya juu yanabaki meupe yakiwa yamejaa vipande. Kwa miaka mingi sisi watu wa maabara tulichukua tope la chini na kuyamwaga maji ya juu, tukaosha na chupa. Watafiti walipoyapima wakakuta mara nyingi yana ushahidi mzuri, wakati mwingine hata pale ambapo kwenye kioo hapakuonekana seli hata moja. Maji haya yako jirani kabisa na uvimbe, kwa hiyo huwa na vipande vyake vingi kuliko damu ya mkononi. Nakiri nilipolisoma hilo kwa mara ya kwanza niliiangalia sinki yetu kwa jicho jingine.

Kuna namna kadhaa za kusoma. Mojawapo hutafuta kosa moja linalojulikana, kama mtu anayekagua ukurasa mmoja tu: ni ya haraka na nafuu. Nyingine husoma jeni nyingi, yaani vipande vingi vya maelekezo, kwa pamoja; ni ghali zaidi na inahitaji mtaalamu wa kuyatafsiri majibu. Nyingine huhesabu kromosomu, vile vifurushi vinavyobeba vinasaba, kwa sababu seli za saratani huwa na hesabu iliyovurugika. Kwa mesothelioma hutafutwa kama jeni ya CDKN2A imefutika, au kama protini ya BAP1 imetoweka kwenye seli. Seli za utando zilizochokozwa tu hazipotezi vitu hivyo, kwa hiyo vikikutwa vimepotea, ule ubishi wa seli laghai niliousema umekwisha.

Njia ya pili ni kuchagua dawa. Hapa tayari tunajua ni saratani ya pafu, tunachouliza ni kosa lipi linaiendesha. Mwaka 2004 watafiti wa Marekani walionyesha kwamba wagonjwa wenye makosa fulani kwenye jeni iitwayo EGFR ndio waliokuwa wakipata nafuu kubwa kwa kidonge cha gefitinib. Kabla ya hapo dawa ile ilionekana kama bahati nasibu. Mwaka 2007 ikagunduliwa jeni ya ALK iliyoungana na nyingine. Siku hizi hutafutwa pia ROS1, BRAF, MET, RET, KRAS. Si kila mgonjwa ana mojawapo; wengi hawana yoyote yenye dawa ya kidonge. Lakini mwenye nayo anabadilishiwa njia yote ya matibabu, na huwezi kumjua kwa kumtazama.

Jibu likirudi "hakuna kosa lililoonekana", tumepona?

La. Naomba usome hapa mara mbili. Jibu hilo linaweza kumaanisha mambo matatu: hakuna saratani, ipo lakini haina yale makosa yaliyotafutwa, au ipo, ila kwenye chupa ile seli zake zilikuwa chache mno zimezama kati ya seli za kawaida. Vipimo vingi vinahitaji seli za saratani zisipungue kama 10 hadi 20 katika kila seli 100 ndipo jibu liaminike. Kwenye maji yaliyojaa seli za kinga, kiwango hicho hukosekana.

Mashaka yakibaki, kinachofuata ni kukata kinyama cha utando wenyewe. Kamera ndogo ikiingizwa kifuani na kinyama kikakatwa kwa kuona, jibu hupatikana kwa zaidi ya wagonjwa 90 kati ya 100. Kunahitaji hospitali kubwa na mgonjwa mwenye nguvu ya kustahimili.

Na likirudi "lipo", hakuna ubishi?

Mara nyingi, ila si daima. Wazee huwa na seli chache za damu zenye makosa ya vinasaba bila kuwa na saratani, na kwa kuwa kwenye maji ya kifuani zimo seli nyingi za damu, kipimo kinaweza kuyanasa hayo. Kwa hiyo hakuna daktari wa maana anayetoa hukumu kwa karatasi ya vinasaba peke yake. Inasomwa pamoja na kioo cha hadubini, picha ya CT, na mgonjwa mwenyewe. Kosa la EGFR linalojulikana, kwa mgonjwa mwenye uvimbe kwenye picha, hilo lina uzito wake. Kosa la ajabu ajabu lililoonekana kwa kiasi kidogo, kwa mzee ambaye picha yake ni safi, hilo linataka subira.

Mama yangu hajawahi kuvuta sigara. Amelima tumbaku tu.

Huku Urambo, Kaliua na Sikonge swali hili lina watu wengi nyuma yake. Sigara ndiyo sababu kubwa kuliko zote ya saratani ya mapafu. Lakini wasiovuta nao huipata, na kwao ndiko makosa ya EGFR na ALK yanakoonekana zaidi kuliko kwa wavutaji. Maana yake, mgonjwa asiyevuta sigara ana sababu ya ziada ya kupimwa. Isiwe "hajavuta, kwa hiyo si saratani".

Kushika jani bichi la tumbaku kunaweza kumlewesha mtu kwa nikotini, kichwa kikauma na kutapika. Hilo ni jambo jingine. Kinachonisumbua zaidi ni moshi, wa kuni za jikoni na wa kwenye mabani ya kukaushia tumbaku. Wakala wa kimataifa wa utafiti wa saratani umeuweka moshi wa kuni wa ndani ya nyumba kwenye kundi la vitu vinavyoelekea kusababisha saratani. Mwanamke aliyepika kwa kuni miaka arobaini na kuchochea bani kila msimu amevuta hewa chafu kuliko tunavyomhesabia.

Watoto watarithi?

Makosa haya kwa sehemu kubwa hutokea ndani ya uvimbe mtu akiwa mzima. Hayako kwenye mbegu wala yai. Ndugu wa mgonjwa hawana sababu ya kupimwa EGFR kwa hofu. Saratani ya matiti na ya ovari zina habari tofauti kidogo, maana zipo familia zenye kosa la kurithi kwenye jeni ziitwazo BRCA. Huko daktari atauliza habari za mama wadogo na mashangazi.

Mimi ni nesi kituo cha afya. Nihifadhije hayo maji?

Asante kwa kuuliza, maana hapa ndipo sampuli nyingi hufia.

Usimwage kabla hujajaza chupa ya maabara. Mililita 50 hadi 60 zinatosha kwa kazi ya seli. Ukiwa na lita nzima, tuletee zaidi, hatutakulaumu. Chupa iwe safi, yenye kifuniko kinachobana. Ikiwa una mirija yenye EDTA, ile ya kifuniko cha zambarau, ongeza miwili. Usitumie yenye heparini kwa kipimo cha vinasaba, kwa sababu heparini huizuia PCR isifanye kazi. Kisha friji ya kawaida, nyuzi joto 4 hivi. Siyo friza: maji yakiganda seli hupasuka na kioo hakisomeki. Kwenye friji seli hukaa siku mbili tatu bila kuharibika sana, lakini kwenye kiti cha mbele cha gari, mwezi wa kumi, na joto letu hili, jioni tu zimeshaoza.

Fomalini usiitie kwa mazoea. Ina mahali pake, pale tope la seli linapotengenezwa kuwa kitufe cha nta, na iwe ile ya asilimia 10 iliyotulizwa asidi. Ile kali isiyotulizwa, au seli zikikaa humo siku nyingi, hukatakata vinasaba mpaka hakuna cha kusoma. Piga simu maabara unayopeleka kabla hujatia chochote.

Na andika fomu. "Maji, pima" si maombi. Andika upande wa kifua, kiasi kilichotoka, rangi, umri, kama anavuta sigara, hali ya VVU kama inajulikana, kama yuko kwenye dawa za TB na tangu lini, na kama amewahi kuwa na uvimbe wa titi. Mwanapatholojia anayejua hayo huangalia kioo kwa macho manne.

Kipimo kinafanyika wapi, na kwa shilingi ngapi?

Kutoa maji na vipimo vya awali ni kazi ya hospitali kama Kitete hapa mjini au Nkinga kule Igunga. Kwa saratani yenyewe, wagonjwa wetu wengi hupewa rufaa kwenda Bugando, Mwanza, na wengine Ocean Road au Muhimbili, Dar es Salaam. Kipimo cha vinasaba vya uvimbe hufanywa kwenye maabara kubwa, na wakati mwingine sampuli husafirishwa nje ya nchi. Hesabu wiki, siyo siku.

Bei sitaitaja hapa kwa sababu hutofautiana na hubadilika, na nimeona familia ikiuza ng'ombe kwa bei iliyosikika kwenye daladala. Uliza kwa maandishi, na ukiwa na bima uliza kama kipimo kimo na dawa imo. Maswali hayo ni mawili tofauti! Kulipia kipimo kitakachotaja kidonge ambacho hakuna atakayekilipia ni jambo la kujadili na daktari mapema, mkiwa mmekaa chini. Erlotinib iliingia kwenye orodha ya dawa muhimu ya Shirika la Afya Duniani mwaka 2019, na gefitinib ikitajwa kama mbadala wake. Kuwa kwenye orodha hiyo bado si kuwa kwenye dirisha la dawa.

Vidonge hivyo vinaponya?

Saratani ya pafu ikishaleta maji yenye seli zake, madaktari huiita hatua ya nne. Vidonge haviifuti. Kwa mwenye kosa linalolingana na dawa, hupunguza uvimbe, hupunguza maji, humrudishia pumzi na hamu ya kula, mara nyingi kwa muda mrefu kuliko kemotherapi na kwa mateso madogo zaidi. Upele na kuharisha huwa vipo. Baada ya muda saratani hupata njia ya kuikwepa dawa, na hapo maji yakirudi hupimwa upya kuona limeongezeka kosa gani.

Asiye na kosa lenye kidonge naye hatupwi. Ipo kemotherapi, na yapo ya kutuliza: kubandika tando mbili kwa unga wa talki ili maji yakose pa kukaa, au kuachiwa mrija mdogo anaoufungua nyumbani. Mgonjwa anayelala kitandani usiku mzima badala ya kuketi kwenye kigoda amepata tiba, hata kama haikuitwa tiba.

Tumwambie mgonjwa?

Wanaume wa ukoo hunijia dirishani: "Tupe sisi, mzee asijue." Jibu ni la mzee. Daktari humwuliza yeye anataka kujua kiasi gani na nani awepo. Nimegundua wazee wengi wanajua kabla yetu. Wanachokosa ni mtu wa kuzungumza naye.

Naweza kuibeba sampuli mwenyewe kwenye basi la Mwanza?

Ikiwa maabara imekupa na imekubali, ndiyo. Chupa ifungwe ndani ya mfuko wa plastiki, mfuko ndani ya kibokisi cha baridi chenye vipande vya barafu, na gazeti au pamba katikati ili chupa isigusane na barafu. Jina la mgonjwa liandikwe kwenye chupa yenyewe. Likiwa kwenye kifuniko tu, vifuniko hubadilishana. Fomu ikae mfuko tofauti, maana karatasi iliyolowa maji ya kifuani hakuna atakayeigusa. Kaa na kibokisi miguuni, usikipeleke kwenye buti chini kwa mizigo ya karanga na asali. Ondoka na basi la alfajiri, siku ya Jumatatu au Jumanne. Ukiondoka Ijumaa, chupa itafika Bugando jioni wakati mwenye kuipokea ameshafunga mlango.